Kifaru Atatembea Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Najenga kifaru! Kifaru wa vita, wa chuma tupu, nusu ya ukubwa wa wale wa jeshi, wa kutembea kwa injini. Bi Tumu, mwenye hili banda la Shella ninamochomelea, alipita asubuhi kuniambia nihame wiki ikiisha. Eti chuma chakavu kimejaa mpaka mlangoni na hajawahi kuona kitu kikitoka humu kikafanya kazi. Banda anataka kumpa Athman, fundi wa mageti. Athman! Nikamwambia Bi Tumu kwamba Jumamosi kifaru wangu atatoka bandani na kufika kiwanja cha mpira, kile cha nyuma, kwa nguvu zake mwenyewe. Akifika, nabaki. Asipofika, nahama. Bi Tumu akasema haya, mwanangu, mbele ya mashahidi.

Jumatano, 6 Agosti

Kiwiliwili: mapipa ya mafuta kutoka Kakuyuni, nimeyapasua na kuyaunga. Miguu: cheni za pikipiki kutoka Gongoni, zimeliwa na chumvi lakini hazijakatika. Injini: ya tuktuk iliyopinduka. Mzinga: bomba la maji taka. Limeoshwa. Nikampandisha juu ya matofali, nikawasha, na cheni zikazunguka! Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mke wangu Mueni akauliza zinazunguka kuelekea wapi. Nikamjibu kuzunguka ni kuzunguka. Huyu mwanamke hakosi la kuuliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Bila watu hakuna ushahidi. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu, nikakitundika barabarani: JUMAMOSI SAA KUMI KIFARU MKUBWA ATATOKA BANDANI. ATATEMBEA MWENYEWE. MSIMRUSHIE MAWE.

Athman akaja, akasoma polepole, mikono nyuma. Akanishauri niandike kifaru kikubwa kitatoka, maana hicho ni chombo, si mnyama. Anajifanya kunisaidia! Hawa waliozaliwa na Kiswahili wanadhani ni shamba la babu yao. Kwetu Machakos kitu chenye nguvu hivi hupewa heshima yake. Sibadilishi hata herufi.

Ijumaa, 8 Agosti

Watoto wa mtaa wameleta majani mabichi, mafungu mazima. Nikadhani ni ya kumpamba, nikawashukuru.

Kisha likaja lori, na ndani yake maaskari wawili wa wanyamapori. Mkubwa wao, Afande Cherop, akauliza kama nina kibali cha kumfuga. Nikasema simfugi, nimemtengeneza. Akauliza anakula nini. Petroli, nikasema, na oili kidogo. Wakatazamana. Akauliza nimemtoa wapi. Hapo nikajisifu, nikaeleza yote: kiwiliwili nimekinunua Kakuyuni, miguu nimeitoa Gongoni, na pembe ya mbele nimeishikiza jana kwa moto. Pingu zikatoka!

Mueni ndiye aliyekimbia kufungua banda. Afande akamtazama kifaru kwa muda mrefu, akamgonga ubavuni kwa kidole, akarudi kukisoma kibao, akaniambia nirudi darasa la tatu. Mwenzake aliomba apigwe picha amekaa juu yake. Athman alikuwa ameegemea ukuta anakula korosho. Ni yeye aliyewaita, najua. Wivu mtupu.

Jumamosi, 9 Agosti

Umati! Watu wametoka Mambrui, Gongoni, Kakuyuni, watatu watatu kwenye pikipiki. Mama mmoja alibeba fimbo. Bi Tumu aliketi mbele kabisa, kwenye kiti chake mwenyewe. Athman yeye alikuwa nyuma ya banda anapima ukuta kwa kamba, kana kwamba ameshakabidhiwa. Nikaingia ndani ya kifaru, nikafunga mfuniko, nikatia gia ya kwanza.

Alirudi nyuma.

Sikuelewa mara moja, kwa sababu kitundu cha kutazamia kinatazama mbele. Niliona watu wanazidi kuwa wadogo, nikadhani wanakimbia kwa hofu. Nikaongeza mafuta! Ukuta wa nyuma ukaenda. Nguzo zikafuata. Paa likatukalia juu ya mzinga na tukaondoka nalo. Athman aliruka mtaro, viatu vikabaki. Tulisimama katikati ya goli la kiwanja cha mpira, injini ikazima yenyewe. Waliokuja kuona mnyama walipiga miluzi na kudai mnyama wao. Nikatoa kichwa nje nikawatangazia: amefika!

Jumapili, 10 Agosti

Bi Tumu ametoa hukumu. Kifaru amefika kiwanjani, mashahidi wameona, kwa hiyo ahadi ni ahadi na Athman hapewi banda. Ila banda lenyewe halipo. Nilijenge upya, kwa mikono yangu, na sitoki hapa mpaka liishe. Alisema kwa hasira, kidole kikiwa puani pangu. Mimi nilisikia neno moja tu: sitoki! Nimeshinda. Na ule ukuta ulikuwa mbovu, mtu yeyote wa haki atakubali.

Jioni nilikaa juu ya kifusi nikayatazama yale mabati ya paa. Yamepinda vizuri ajabu, kushoto na kulia, mabawa kabisa. Injini ninayo. Nimeshaanza kuchora. Bi Tumu akiuliza banda limefikia wapi, nitamweleza kwa upole kwamba ndege hahitaji banda. Anahitaji uwanja tu, na uwanja upo.