Tulipakie Kwanza, Mzee Aone

Hebu niambie, ukitaka kununua gari lililokwisha kutumika, unaanza kulitazama wapi? Wengi huanza mbele. Wanapiga matairi teke, wanafungua boneti, wanaikunjia injini uso kama madaktari, na huku hawajui betri ni ipi. Sabuni aliwapenda sana watu wa mbele. Watu wa mbele ndio waliomlisha.

Jina hilo la Sabuni hakupewa na mama yake. Alipewa na waliowahi kumkamata, maana kila aliyemkamata alibaki na povu mkononi.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegesha kando ya ukuta wa ghala gari moja la dizeli, stesheni, yale marefu ambayo ukilaza viti vya nyuma unapata uwanja wa kulala na kunyoosha miguu. Kwa nje lilimeremeta. Kwa ndani, tulisitiri. Injini ya dizeli ikishachoka haitaki kuwaka ikiwa baridi, na ikikubali kuwaka hufuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Kwa hiyo Sabuni aliliamsha mapema, akaliacha liungurume mpaka likapata joto, halafu akalimiminia oili nzito kama asali ili lisigongegonge. Dawa hiyo humfanya mgonjwa atembee siku moja kwa furaha, kisha anakata roho.

Siku moja ilimtosha Sabuni. Tena hakuwa na nyingine. Gari hilo alikuwa amelipata kwa kubadilishana na cherehani ya mkewe, mke akiwa safarini kwa dada yake. Mtu aliyeichukua cherehani alikuwa tayari kuirudisha akiletewa fedha taslimu. Na mke alikuwa anarudi alasiri hiyo. Mwanamke mpole yule, mpole kwa kila jambo, ila kwa cherehani hata vumbi lake hakuruhusu mtu mwingine alifute.

Ndipo wakatokea mzee na bibi yake, wamevaa nguo za kutokea. Bibi alikuwa mwembamba, mwepesi wa macho, na kwenye pembe ya kitambaa alichojitanda alikuwa amefunga fundo nene, limetuna. Sabuni alipoliona fundo lile, moyo wake ulicheza ngoma.

"Karibuni wazazi wangu! Gari hili lilikuwa la muuguzi mmoja. Kazini na nyumbani, kazini na nyumbani. Hata honi hakupenda kuipiga, alikuwa na haya."

Bibi hakwenda mbele. Alipita tu, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Lina joto."

"Jua hilo, mama."

Bibi akatazama juu. Mbingu zilikuwa zimejifunika mawingu gubigubi.

"Kweli, jua la leo kali," akasema. Akaenda moja kwa moja nyuma, akafungua mlango, akapima kwa mikono, upana na urefu, huku midomo ikimchezacheza. "Mimi nimelipenda. Lakini mwenye neno la mwisho ni mzee."

Sabuni akamgeukia mzee. "Baba unasemaje?"

"Mh," akasema mzee.

"Anafikiri," bibi akaeleza. "Mzee wangu hasemi mpaka aone. Gari la mizigo utalijuaje bila mzigo? Twende nyumbani, tulipakie kwanza, mzee aone."

Wewe ungekataa? Fundo limetuna namna ile?

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na paa lenye matundu. Chini ya kila tundu kuna ndoo. Bibi akaonyesha meza, viti vinne na sanduku la chuma. Sabuni akavua koti, akabeba. Jirani mmoja mwanamke alikuwa anaanika nguo.

"Ndiyo mnahama, jirani?"

"Tunajaribu gari!" bibi akamjibu.

"Haya, jaribuni vizuri!" Jirani akauficha uso nyuma ya shuka aliyokuwa anaanika. Shuka ikawa inatikisika, na upepo haukuwepo.

"Huko ng'ambo kuna mlima," bibi akasema gari lilipoondoka. "Gari likiupanda, hilo gari." Wakaupanda. Gari lilikohoa, Sabuni akakohoa kwa nguvu zaidi ili kulifunika. Juu palikuwa na nyumba ndogo nyeupe ya binti yao, hivyo ndivyo bibi alivyosema, yenye kibaraza na paa jipya.

"Sasa shusha, mwanangu."

"Kushusha tena, mama?"

"Kwani utalijua vipi likiwa tupu? Gari lina tabia mbili kama mwanamume, akiwa na mzigo na akiwa hana."

Sabuni akacheka, akashusha. Wakarudi na gari tupu.

"Baba, umeonaje?"

"Mh."

"Bado kidogo tu," bibi akasema, akilipapasa lile fundo. "Hofu yake ni urefu. Tulaze kitanda humo."

Kitanda kikaingia, na godoro, na kabati la nguo ambalo mlango wake ulifunguka kila kona ukampiga Sabuni kisogoni. Mlimani akakohoa mpaka koo likawasha. Wakashusha. Wakarudi. Bibi akakumbuka springi.

"Springi za gari hazijulikani kwa chuma, zinajulikana kwa vioo."

Basi Sabuni akapakia sahani, glasi, kioo cha ukutani na picha ya harusi ya wazee hao, ambamo mzee alikuwa amefunga mdomo vilevile. Aliendesha kama aliyebeba mtoto mchanga aliyelala. Glasi hata moja haikulia.

"Umeona, baba? Springi za hariri hizi!"

Mzee akafungua mdomo. Sabuni akashika pumzi. Mzee akapiga chafya, akaufunga.

Simu ikalia. Mkewe.

"Niko kwenye basi, mume wangu. Dada kanipa kitambaa kizuri, leo leo nakishona."

"Pumzika kwanza, mpenzi. Safari inachosha."

"Nimechoka kupumzika. Mikono inaniwasha."

Sabuni akafuta jasho. "Mama, sasa tumalizane. Kuna mteja mwingine ananisumbua, mtu mkubwa serikalini."

"Hapo umesema. Limebaki jambo moja tu. Mzee mwenyewe. Hawezi kununua gari ambalo hajalipanda akiwa amekaa kwenye kiti chake."

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, kipana, chenye mikono. Sabuni alikisukuma ndani kwa goti, akamsaidia mzee kupanda, akamkalisha humo nyuma kama mfalme kwenye kiti cha enzi. Bibi akampa paka ampakate, akatundika ndoo zote ubavuni, akafagia chumba, akautia na ufagio.

"Na ufagio wa nini, mama?"

"Wa kulifagia gari tukishalinunua."

Neno lile "tukishalinunua" lilimwingia Sabuni masikioni kama muziki. Akaupanda mlima akiimba. Kwa kuwa alikuwa anaimba, hakusikia injini inavyolia. Mbele ya kibaraza cheupe gari lilitoa moshi mweusi, likatoa mweupe, likapiga kishindo kimoja, likanyamaza. Ulitekenye usilitekenye, kimya. Paka akaruka nje, akaingia ndani kama mwenye nyumba.

"Limepumzika," akasema Sabuni. "Dizeli za kizungu ndivyo zilivyo, zina muda wa mapumziko."

Alimshusha mzee na kiti chake, akamweka kibarazani. Simu ikalia tena.

"Nimefika," mkewe akasema. "Mume wangu, hapa chini ya dirisha palikuwa na kitu."

"Nakuja nacho! Nakuja nacho sasa hivi!" Akakata simu. Maneno yote matamu yalikuwa yamemwishia mlimani. "Mama, nakuomba. Fungua fundo."

"Hilo tu? Si ungesema mapema." Bibi akalifungua taratibu, kwa meno na kucha. Ndani mlikuwa na funguo. Akachagua moja, akafungua kitasa cha chumba kimoja cha nyumba ile, akaingiza ufagio, akatoka.

Sabuni akaichungulia pembe ya kitambaa: hela hata senti haikuwamo.

"Boneti kuwa na joto asubuhi ya mawingu," bibi akamwambia kwa upole, "nikajua gari hili limebakiwa na leo tu. Na sisi tulikuwa tunatafuta la leo tu. Hujavunja hata glasi moja, mwanangu. Mungu akupe nguvu hizo hizo."

Sabuni akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba! Neno la mwisho ni lako. Mama amesema mwenyewe. Gari unalitaka au hulitaka?"

Mzee akamtazama. Akalitazama gari, akaitazama nyumba na paa lake lisilo na tundu, akajiegemeza vizuri kitini.

"Kijana," akasema, "mimi nilitaka kuhama."