Hodi Tatu kwa Seva ya Dar

Jumatatu, 16 Novemba 2015

Mkataba wangu unakwisha Ijumaa. Mama Honorata, mkuu wa ofisi yetu ya misaada hapa Kigoma, ametamka leo mbele ya watu: wiki hii ataamua ama nipewe mwaka mzima wa kutunza kompyuta, ama kompyuta zikabidhiwe Oswald wa radio koli, ile simu ya upepo. Oswald! Mtu aliyefuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa chenye mawese! Alisema kitambaa kilitoka jikoni kwa bahati mbaya. Hata hivyo.

Lawama ni moja tu. Barua pepe zetu zinachelewa kufika makao makuu Dar. Mama anaandika, anabonyeza, halafu barua inakaa kwenye foleni mpaka chai yake inapoa. Nikaahidi kumaliza jambo hilo leo hii hii.

Nikafungua mipangilio ya seva, kompyuta inayopeleka na kupokea barua. Aibu tupu! Seva ya Dar ikisema njoo baadaye, ya kwetu inakubali, inakaa robo saa, ndipo inajaribu tena. Ikikataliwa inasubiri zaidi, na inaweza kuendelea hivyo siku tano! Upole gani huo? Nimefuta robo saa, nimeweka sekunde moja. Ijaribu kila sekunde mpaka wafungue. Nimetoka ofisini napiga mluzi.

Jumanne, 17 Novemba

Dar wametufungia. Haiingii hata barua moja.

Dismasi, fundi wa makao makuu, alinipigia asubuhi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema seva yetu imemgongea mlango usiku kucha kama mlevi aliyefungiwa nje na mkewe, na kwamba atatufungulia jioni tukishapata adabu. Akauliza nani amegusa mipangilio. Nikasema radi. Kigoma ina radi nyingi, kila mtu anajua. Oswald, ambaye masikio yake hayana kazi nyingine, akauliza kwa sauti ni radi ipi, maana jana hapakuwa na hata wingu. Dismasi akaanza kunieleza jinsi seva yake inavyopokea wageni. Nikamshukuru, nikakata simu. Mimi nifundishwe seva?

Jioni nikaenda Ujiji kula migebuka kwa Bibi Yunisi, mama yake baba. Nikamkuta anamsema jirani aliyepiga hodi mpaka kuku wakatoka bandani. Bibi akasema mtu mwenye malezi hupiga hodi tatu tu. Asipofunguliwa huenda zake, wala hatangazi mtaani kwamba kanyimwa mlango.

Nikaacha kula! Dar wanataka adabu? Watapata adabu ya Ujiji.

Jumatano, 18 Novemba

Nimefika ofisini kabla ya mlinzi kuamka. Mipangilio mipya: hodi tatu, dakika moja kati ya hodi na hodi. Wasipofungua, barua inaachwa na kufutwa kwenye foleni. Halafu kuna ile taarifa ya kumwambia mwandishi kwamba barua yake imekataliwa. Nimeizima. Huko ndiko kutangaza mtaani.

Matokeo? Foleni tupu! Mama Honorata aliitazama akapiga makofi. Akamwita Oswald aje naye atazame. Oswald alitazama kwa uchungu mkubwa. Nilifurahi sana.

Mchana gari la kambini lilimleta Mwalimu Irambona, mama wa Kirundi anayewasemea wakimbizi wapya. Akasema mvua inaingia kwenye mahema, na kina mama wanakesha wamesimama na watoto mikononi kwa sababu chini ni tope. Hapo hakuna aliyecheka. Mama akaandika maombi ya maturubai palepale. Behewa linaondoka Dar Jumamosi, kwa hiyo maombi lazima yafike kabla ya Ijumaa adhuhuri. Akabonyeza. Dakika chache, foleni tupu! Nikamwambia Mwalimu ahesabu kwamba maturubai yako njiani. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea kwa Kirundi. Nikamwambia ni ufundi tu.

Alhamisi, 19 Novemba

Dar kimya. Hakuna aliyejibiwa chochote. Mama akaniuliza kulikoni. Nikasema watakuwa semina. Oswald akauliza, Dar nzima? Nikasema ni semina kubwa.

Mwalimu Irambona alikuwa bado kwenye benchi letu akisubiri jibu. Ili kumchangamsha nikamweleza ufundi wangu wa hodi tatu. Akasikiliza kwa heshima, kila mara anasema ego, ego, yaani ndiyo. Mwisho akauliza, Dar wanakaa kimya au wanasema kitu? Nikasema wanasema njoo baadaye. Akauliza sasa mbona naondoka. Akaniambia yeye alipokimbia kwao akafika ufukwe wa Kagunga, aliambiwa aje baadaye kwenye boti, akaambiwa aje baadaye kwenye kuandikishwa, na kila mara aliweka mzigo chini akakaa. Angeondoka kwenye hodi ya tatu, mpaka leo angekuwa ufukweni. Kwao mtu akishasema subiri, amekwisha kukuitikia.

Barua zote za tangu jana asubuhi nimezitupa, na taarifa za kukataliwa nimezizima kwa mkono wangu! Maturubai hayajaombwa. Nikaogopa kweli. Niliuogopea mkataba, ndiyo, lakini zaidi niliona wale kina mama wamesimama kwenye tope. Chakula cha jioni kimenishinda.

Ijumaa, 20 Novemba

Asubuhi nikampigia Dismasi. Nikaandika kila alichosema bila kuongeza changu: robo saa, kusubiri kuzidi kidogo kidogo, siku tano, taarifa ziwashwe. Akasema seva yake humwambia kila mgeni aje baadaye, kwa sababu matapeli wa barua pepe hawarudi. Hilo ndilo alilotaka kunieleza Jumanne.

Kisha nikaenda kwa Mama Honorata kumwomba atume tena. Akauliza kama ni radi tena. Nikasema hapana Mama, ni adabu imezidi. Akatuma.

Dar wakasema njoo baadaye. Robo saa! Mwalimu Irambona akaja kukaa kati yangu na kibodi, akaniambia niweke mzigo chini. Nikakaa. Jasho likanitoka. Barua ikapita! Kabla ya adhuhuri Dismasi akajibu kwamba maturubai yatapanda behewa la kesho. Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. Hata Oswald alinimegea chapati.

Na mkataba nimepata! Oswald alimwambia Mama ni heri aogelee mpaka Kongo kuliko kuigusa seva ile. Dar wanautuma leo kwa barua pepe, niusaini kabla ofisi haijafungwa saa kumi na moja, la sivyo nafasi inafutwa. Sharti la Mama ni moja: nisiguse tena mipangilio ya barua zinazotoka.

Zinazotoka. Zinazoingia hakuzitaja.

Nimezichungulia wakati nasubiri. Kumbe seva yetu inamfungulia yeyote kwenye hodi ya kwanza! Hata matapeli! Nimerekebisha. Kuanzia saa nane mchana kila barua inayoingia inaambiwa ije baadaye, irudi Jumatatu. Dar nao wajifunze kukaa kwenye benchi.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mkataba haujafika. Watu wa Dar wazembe sana.