Kiwanja cha Mama Jenoveva Kuonekana Ziwani

Musoma, 14 Machi 1994

Ndugu Afisa Utumishi,

Nakusihi uisome barua hii mlango ukiwa umefungwa, wala usiitie kwenye faili. Mafaili yetu husomwa hata na wauza karanga, nami bado niko katika miezi ya majaribio.

Tangu wafadhili watuletee kompyuta, viwanja tunavichora kwa kipanya: unabonyeza umbo, unaliburuta, unaliachia pale unapotaka likae. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipanya hakina hofu. Kwa kalamu na rula, kuhamisha mpaka kulichukua siku nzima, na katikati mtu alipata nafasi ya kutubu.

2. Jumanne nilipiga chafya nikiwa nimeshika kiwanja cha Mama Jenoveva, mjane. Kikaenda kutua ziwani, hatua mia mbili kutoka ufukweni. Sikuona. Ramani ikachapwa, ikapigwa mhuri.

3. Nilikiri kwa mkuu wangu, Bwana Stanislausi. Akautazama mhuri, akaniuliza, "Kijana, mhuri wa serikali unakoseaga?" Nikajibu, hapana mzee. Basi ikaonekana kilichokosea ni kiwanja.

4. Mama huyo ameandikiwa ahame alipo na ajenge kwenye kiwanja chake halali ndani ya siku tisini. Watu wa uvuvi nao wanauliza kama ana leseni.

5. Kila asubuhi anakuja, anakaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, ananitazama. Hasemi neno. Hili ndilo linaloninyima chakula.

Kwa heshima naomba kipanya kisimamishwe kazi kabla sijasimamishwa mimi, kifungiwe kabatini, turudishiwe rula.

Wasalimie mama, watoto, na Bwana Chacha wa masijala. Ukinihitaji, usipige simu ofisini. Mtume mtu sokoni kwa Petronila, aulize dagaa wa Kiriba. Nitaelewa.

Wako mtiifu, mwenye wasiwasi,
Kasmiri Alfonce
Karani wa Ramani

Tanbihi: Mchana huu, Bwana Stanislausi alipokwenda kula, nilikiburuta kiwanja kikarudi nchi kavu. Mhuri ukapigwa upya bila mtu kutazama. Mama Jenoveva akafungua kinywa: "Asante, mwanangu. Na kwa kuwa bado umekishika, nisogeze kidogo karibu na bomba." Nimemsogeza. Sasa foleni imefika getini, na wa kwanza ni Bwana Stanislausi. Tafadhali kipanya kisiguswe kabla ya Ijumaa. Kwa Petronila usimtume mtu tena. Pita mlango wa nyuma wa ofisi, ugonge mara mbili, na uje na namba ya kiwanja chako.