Wiki Niliyoficha Kipanya

Jumatatu, 4 Novemba

Theluji ya majimaji tena hapa mjini Lahti. Kipindi changu cha majaribio kinaisha Ijumaa. Heidi, bosi wetu, atabakiza karani mmoja tu wa michoro ya milango: mimi au Rasmus. Na leo Rasmus amepanga mafaili kwa programu ya vibonye tu, bila kugusa kipanya cha kompyuta! Skrini nyeusi, vidole vinaruka, mafaili yanahama. Heidi akasimama nyuma yake na kikombe cha kahawa, kimya kabisa. Heidi kunyamaza hivyo ni sawa na mwingine kupiga vigelegele.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeiweka programu ileile ya Rasmus kwenye kompyuta yangu. Mstari mmoja wa amri, ikaingia. Tatizo ni kutoka! Nilibonyeza kila kitu. Nikachomoa waya wa umeme. Mwishowe nikamuuliza Rasmus, kwa sauti ya mtafiti, yeye hutokaje. Akacheka: kaka, sisi tunatengeneza milango, wewe umekwama ndani? Bonyeza q! Nikasema nilijua.

Jumatano, 6 Novemba

Maendeleo! Kibonye cha j hunishusha kwenye orodha ya mafaili, k hunipandisha. Kufuta faili kunataka vibonye viwili, kisha programu inauliza kama nina uhakika. Mimi sina uhakika na lolote maishani, nikiulizwa nitachelewa. Nimeliondoa swali. Sasa nikibonyeza d mara moja tu, faili liko kwenye pipa la taka. Kipanya nimekificha ndani ya buti, Heidi aone meza tupu. Aliiona. Akauliza kama kimeibiwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa! Nilimwandikia Heidi ujumbe wa kusifu uongozi wake, macho kwenye vidole. Kuinua kichwa: dirisha la ujumbe tupu. Muda wote nilikuwa nikiandika ndani ya programu ya mafaili! Kila d katika sifa zake ilitupa mchoro mmoja. Michoro ya milango ya maktaba, yote imekwenda. Nikajifungia msalani. Rasmus, aliyeiona skrini yangu, akaja kugonga: toka bwana, michoro iko kwenye pipa, haijafa. Akairudisha yote huku akipiga mluzi. Mluzi!

Ijumaa, 8 Novemba

Ofisini kwetu anayeharibu kitu huleta maandazi ya iliki. Nimeleta sinia zima, nikaliweka kimyakimya. Kosa! Heidi akalitazama, akanitazama: "Haya, Eeli, umeharibu nini?" Nikasema yote, hata zile sifa. Akawa mwekundu. Kazi amepewa Rasmus. Mimi nimeongezewa mwezi wa majaribio, kwa sharti moja: nitumie kipanya kama binadamu. Nimeapa.

Lakini baada ya kahawa nimegundua siri ya Rasmus. Hatazami kibodi kabisa! Nimeazima msasa karakana na kuzikwangua herufi zote kwenye kibodi changu. Hakuna hata moja inayosomeka. Kisha nikamwandikia Heidi barua pepe ya shukrani, nikaituma bila kuisoma.

Naamini inasema asante.