Buluu ya Asilimia Mia

Mamlaka ya Maji ilitangaza, kwa furaha isiyo kifani na kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba tatizo la maji limekwisha. Picha zote nyeusi na nyeupe za ripoti ya mwaka zingetiwa rangi moja, buluu, ili wananchi wayaone maji kwa macho yao wenyewe.

Kazi ilimwangukia mpangaji kurasa, aliyeitwa Bi Pambizo kwa jinsi alivyogombana na kila aliyetaka kujaza maneno hadi ukingoni mwa karatasi. Mtambo wa kuchapia ulikubali wino mweusi na mwingine mmoja tu, kwa hiyo kutia picha rangi moja hakukuwa kugeni kwake. Kigeni kilikuwa kipimo cha Mkurugenzi.

"Asilimia ishirini, maji yako njiani," Mkurugenzi alisoma, amesimama nyuma ya kiti cha Bi Pambizo. "Hamsini, yamefika. Mia, maji ya kumwaga. Nimeshatia saini."

"Na mabomba makavu, bosi?"

"Hatuna mabomba makavu. Tuna mabomba yanayosubiri rangi."

Picha ya thelathini na moja ilikuwa ya mama yake Bi Pambizo. Amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono kiunoni, mbele ya bomba lililofungwa kitambaa. Bi Pambizo mwenyewe ndiye aliyeipiga, ikaambatanishwa kwenye barua ya mtaa ya kuomba maji, barua ya sita katika miaka sita. Barua haikujibiwa. Picha ikaonekana inafaa.

"Huyu ni mama yangu, bosi. Mgongo umemwisha kwa kubeba ndoo. Mkiutia mtaa wake buluu, mtaufuta kwenye orodha ya wanaosubiri maji."

"Mpe hongera. Atakuwa amehudumiwa."

"Na ndoo tupu?"

"Dada, kazi unaitaka au huitaki?"

Mkurugenzi akaenda kunawa mikono kwa maji yaliyoletwa na gari la Mamlaka, gari lile lile lililojaza tangi la nyumbani kwake kila Jumatatu. Watu wengine hawana haya hata ya kuazima.

Bi Pambizo alimpigia mama yake simu kwa hasira, akamweleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Sasa mwanangu, kama ni maji ya uongo, si unijazie? Usininyime hata hayo!"

Bi Pambizo naye akacheka. Halafu akaitazama ile picha, akaipandisha rangi hadi mia.

Siku ya uzinduzi Waziri alifunua kurasa taratibu, akasita kwenye ya arobaini, penye picha ya yule mama na ndoo yake.

"Hapa pana maji kiasi hiki?"

"Ya kumwaga, mheshimiwa," Mkurugenzi akajibu, akiinama.

"Safi sana. Basi gari linalokupelekea maji nyumbani lisimame, na wewe uhamie hapa. Kiongozi aishi ndani ya mafanikio yake."

Mkurugenzi akainama zaidi. Saini ilikuwa yake. Ukumbi ukapiga makofi, na Bi Pambizo akapiga mpaka viganja vikamuuma.

Siku ya tatu baada ya kuhama, Mkurugenzi alikuwa kwenye foleni ya kisima, ndoo mkononi, akijaribu kupenya.

"Rudi nyuma, baba," mama yake Bi Pambizo akamwambia kwa upole. "Hapa hatuna asilimia, tuna zamu."

Mkurugenzi akapiga simu ofisini akihema: bomba la mtaa lipelekewe maji leo leo!

"Haiwezekani, bosi," karani wa orodha akamjibu. "Mtaa huo umeshahudumiwa. Labda mtu aandike kwamba haujahudumiwa."

Ikabidi aandike. Akaandika kwa mkono wake kwamba maji hayapo na hayajawahi kuwapo, na kwamba buluu ile ni wino. Maji yakafika bombani baada ya siku tisa.

Barua hiyo Bi Pambizo aliipanga kwenye ripoti iliyofuata, ukurasa wa kwanza, pambizo pana pande zote. Hakuitia rangi yoyote.