Msamaha Niliomwombea Kocha Bakiri

Jumatatu, 9 Aprili 2018

Asante Mungu kwa pumzi. Asante kwa magoti pia, ingawa la kushoto linanigomea. Sisi wamama tuliojifunza herufi kanisani, ukubwani, pasta alituagiza tuandike shukrani kila siku. Naandika. Ila leo shukrani inanishinda.

Timu yetu ya besiboli hapa mtaani, Kozi wa Troyeville, imemaliza msimu. Mechi kumi na nane. Tumeshinda tatu! Na moja ya hizo, gari la wapinzani liliharibika njiani, hawakufika. Sasa kamati inafukuza watu. Kocha mkuu kaenda. Wa warushaji kaenda. Hata mzee wa kuchora mistari kaenda, kama vile chokaa ndiyo iliyokosa mpira.

Wangeniuliza mimi, ningemfukuza mrushaji. Anatupa kama anayefukuza kuku jikoni.

Alhamisi watamjadili Bakiri, kocha wa wapigaji. Bakiri wangu! Miaka tisa iliyopita nilifika hapa kutoka Uvira, sijui mtu. Nikaona watu wamekaa uwanjani, nikadhani ni ibada, nikaingia. Bakiri akaniletea kiti cha plastiki. Akaniuliza, kwa Kiswahili kile chao cha Tanga kinachoteleza, kama nimekula. Kisha akanieleza mchezo, mara arobaini, bila kuchoka. Mtu anatoka nyumbani, anazunguka, anahangaika mpaka arudi nyumbani. Nikamwambia huu nishaucheza.

Wakimfukuza, anapoteza na chumba cha nyuma ya klabu. Mke wake ana mimba ya miezi minane. Mimi nikae kimya? Sikai.

Jumanne, 10 Aprili

Wazo! Sahihi za mashabiki. Jeannine, binti yangu, akasema Mama acha, ya kamati hayakuhusu. Nikamwambia wewe msusi, suka.

Nimepata sahihi hamsini na mbili. Muuza mapazia wa Fordsburg aliuliza besiboli ni mdudu gani. Nikamwambia ni jambo la haki, weka sahihi. Akaweka. Marehemu mume wangu nimemwekea pia. Hakuwahi kunikatalia akiwa hai, ataanzia wapi sasa?

Nikampelekea Brigitte, katibu wa kamati. Mama mwema, nywele kama pamba. Akasema, Gogo (huku ndivyo wanavyoita bibi), tunapokea sahihi za wanachama tu, wenye kadi. Mimi kadi sina. Nina kiti! Akacheka, akanipa chai na biskuti ngumu ya kuchovya. Asante Mungu kwa Brigitte. Kwa biskuti bado nafikiria.

Wakati natoka, Mama Clémence akanivizia. Ni Mrundi, anauza sambusa upande wa pili wa uwanja, na husema mandazi ninayouza upande wangu yangefaa kujengea. Akapaza sauti kwamba Kozi wanapiga hewa tu, na kupiga hewa walifundishwa na nani? Nikamjibu hewa ya Troyeville ni nzito. Eish! Jibu baya. Zuri lilinijia nikiwa nimeshafika mlangoni kwangu.

Jumatano, 11 Aprili

Nilikuwa mjinga. Makaratasi ya nini? Dawa ipo, tumeiacha Uvira.

Kwetu wakubwa wakimkasirikia mtoto wako, husubiri wamtafutie kosa. Unawatangulia. Unachukua wamama, mnavaa sare, mnabeba chakula, mnapiga magoti mnasema tumekosa, tusameheni. Kama kosa lipo au halipo, hiyo si habari. Mkubwa anaona haya, anakuinua, anasema mama simama, nani kakosa hapa? Mnakula. Imekwisha. Niliona kesi ya ng'ombe sita ikifa hivyo.

Wamama wanne wamekubali, tutavaa kitenge cha Pasaka. Bakiri simwambii. Mtoto hatangaziwi.

Tatizo ni Kiingereza, changu ni cha sokoni tu. Jeannine kakataa kutafsiri. Anayebaki ni Clémence. Nikaenda kumwomba. Akasema kwanza niseme mbele ya wateja wake kwamba sambusa zake ni tamu. Nikasema. Akasema hawajasikia. Nikarudia! Kwa ajili yako, Bakiri.

Alhamisi, 12 Aprili

Tumefanya!

Tumeingia kikaoni tukiwa sita, vichwa tumefunga, tumebeba bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kamati ni watu watano, akiwemo mwenyekiti wao mwenye masharubu. Tukapiga magoti. Nikasema mtoto wetu Bakiri amekosa, sisi wazazi wake tumekosa, tunaomba mtuhurumie. Clémence alitafsiri neno kwa neno. Nilimkagua usoni, siwezi kumlaumu.

Mwenyekiti alikuwa mwekundu. Hiyo ndiyo haya ninayoisema! Ila hakutuinua. Tukakaa magotini, tukakaa, hadi Brigitte akanishika mkono. Alikuwa anaandika haraka haraka. Ndagala hawakugusa.

Asante Mungu. Kesho Bakiri atakuwa na kazi yake.

Ijumaa, 13 Aprili

Hana.

Brigitte alikuja mwenyewe kunieleza, macho chini. Kumbe kabla hatujaingia watatu kati ya watano walikuwa wameshasema abaki. Tulipotoka, mmoja akauliza, ikiwa wazazi wake wenyewe wanasema amekosa, sisi ni nani tubishe? Ikaandikwa. Barua inasema kamati inaishukuru familia kwa kukiri. Chumba arudishe mwisho wa mwezi.

Nililia. Jeannine akataka kusema nilikwambia, akaniangalia, akanipikia chai badala yake. Mtoto mzuri.

Jioni Bakiri akaja na mke wake. Nikadhani atanipigia kelele. Akakaa, akaniuliza taratibu, Koko (yaani bibi, kwa lugha ya kwetu), uliniombea msamaha wa kosa gani? Nikamwambia hukukosa kitu, mwanangu, ndivyo inavyofanywa! Akasema, basi hilo ndilo lililokuwa gumu kuwaeleza kamati leo. Akacheka, mke wake akacheka ameshika tumbo, na mimi nikacheka huku nalia, aibu tupu. Akala sahani mbili. Mlangoni akasema tangu afike mji huu hakuna mtu aliyewahi kumpigia magoti.

Nimewaambia wahamie sebuleni kwangu. Jeannine amekubali, kwa kuvuta pumzi.

Jumamosi, 14 Aprili

Siamini naandika hili. Asante Mungu kwa Mama Clémence.

Shemeji yake Égide ni mlinzi wa shule moja huko Kensington. Wanatafuta mtu wa kufundisha wasichana kupiga mpira. Clémence alimpigia simu jana ile ile, bila kuniambia. Leo asubuhi wamemjaribu Bakiri. Wamemchukua! Anaanza Jumatatu saa moja, na nyumba ndogo ya mtunza uwanja ni yake.

Nikaenda kumkumbatia Clémence. Akasema ondoa unga wako kwenye blauzi yangu. Kisha akanishika sana. Nikala sambusa tatu. Tamu, basi, tamu! Hapo hakunilazimisha mtu.

Jumapili, 15 Aprili

Nimetoa ushuhuda kanisani, mrefu, pasta akatazama saa mara mbili. Asante kwa kazi, kwa nyumba, kwa mtoto anayekuja, kwa Brigitte, hata kwa mwenye masharubu, maana bila yeye shule ile tusingeijua.

Baada ya ibada Bakiri alipita. Akaniomba kitu kimoja tu: kesho nimwache aende peke yake. Nikamwahidi. Akanitazama sana. Nikamwahidi tena.

Ataenda peke yake. Sisi saa kumi na mbili na nusu tutakuwa tumeshafika. Mkuu wa shule hamjui vizuri bado, na wasichana wale wakishindwa je? Bora kumwomba msamaha mapema. Kosa langu Alhamisi lilikuwa idadi. Sita ni wachache, mkubwa hawezi kuona haya kwa watu sita. Kesho tuko kumi na moja. Jeannine hajui. Clémence amekubali kutafsiri, na nimemwagiza kila nikisema “tumekosa,” yeye aongeze “sana.”