Mpunga Unaoelea wa Murara

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Siku kubwa! Muzee Bulonza, aliyekuwa monita wa kilimo, mwalimu wa wakulima, enzi zake, anatafuta mtu wa kulisimamia bonde lake la maji kule Kalengera. Mpunga! Hekta nzima! Hapa Murara, mtaa wetu wa Goma, tuko wawili tu tunaoitaka kazi hiyo: mimi, Mushagalusa Jean-de-Dieu, na jirani yangu Kakule, mtu wa Butembo, muuza maharagi, anayejiona. Kila mmoja amepewa mbegu. Jumapili ya tarehe 22 Muzee atapita kuona vitalu vyetu. Mwenye miche mizuri ndiye atapewa bonde.

Kakule alichagua Nerika. Mpunga wa mlimani, haudai maji ya kusimama. Mpunga wa watu waoga! Mimi nilichukua Supa. Mrefu, ukipikwa unanukia hadi nyumba ya tatu.

Muzee alieleza namna ya kuchambua mbegu ndani ya maji. Kakule akaandika yote katika kaye, daftari lake, kama mtoto wa shule. Mimi sikuandika. Nimeshika kalamu ya karani katika depo, ghala la bidhaa, miaka kumi na moja, kichwa changu kinatosha.

Niseme ukweli, maana shajara hii naificha chini ya godoro na hakuna anayeisoma. Tangu depo ilipofungwa, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani anaouza mke wangu Julie, ndio wanatulisha. Halalamiki. Ningependa alalamike. Nataka mara moja tu kuingiza gunia mlangoni kwa bega langu mwenyewe, naye awe amesimama anaona. Basi. Sitaki zaidi ya hapo.

Jumanne, tarehe 3 Septemba

Nimemwaga mbegu katika ndoo ya maji. Konzi mbili hivi zimeelea. Nyingine zote zimezama, pu! Aibu kwa Muzee, kutoa mbegu nzito hivyo.

Alisema sehemu moja ni ya kupanda, nyingine ni ya kuku. Ipi? Nilifikiri dakika moja, haikuhitaji zaidi. Mimi nimekulia Nguba, pale Bukavu, kando ya ziwa. Anayejua kuogelea anaelea. Anayezama tunamlilia. Nikachukua zinazoelea.

Julie, mikono bado ina magamba ya samaki, aliniita kwa jina la mtoto wetu, akasema polepole: “Papa Ange, hata yai, yenye inaelea njo yenye iliisha kuoza.” Nikamjibu kwamba mpunga si yai. Nikamwamuru awape kuku zile zilizozama. Akaitika ndiyo, akaondoka na ndoo. Mke mtiifu!

Ijumaa, tarehe 6 Septemba

Shida ndogo. Nilimwaga bidoni sita za maji katika shimo la kitalu. Yakapotea yote! Jiwe hili la volkano linakunywa kuliko harusi. Na maji yenyewe nimeyatoa ziwani kwa chukudu ya kuazima, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Kuteremka ni raha, unaketi kama bwana mkubwa. Kupanda, nilisukuma hadi magoti yakaanza kuongea. Kakule alikuwa mlangoni kwake, akanipa pole. Ile pole yake naijua.

Lakini mimi ni mimi. Nimetandika bashi, turubai la plastiki, shimoni, juu yake udongo mweusi mzuri kutoka kwa mtu anayefuga ng'ombe mtaa wa Katindo. Mbegu zangu zinazoelea zimelala humo tangu saa nne. Zililowekwa usiku mzima, nyepesi vilevile kama jana. Hazichoki!

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Zimeota! Kumi na saba! Nimezihesabu mara tano na mara tano ni kumi na saba. Kijani cha kupendeza, majani mapana kiasi. Nilimwita Julie aone. Alitazama muda mrefu, akauliza kama nina hakika kwamba ni mpunga. Nikamwambia kwamba ni Supa, na Supa haufanani na mipunga ya ovyo. Alirudi kuosha mboga. Siku hizi anamwaga yale maji ya mboga nyuma ya jiko, ndani ya lile beseni letu lililopasuka. Sikuuliza. Mwanaume mwenye kitalu haulizi mambo ya mabeseni.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Leo mbinu. Nilipanda ukuta wa mawe kuchungulia kwa Kakule. Ana miche mia mbili, labda mia tatu! Imesimama kama wanajeshi wa kambi ya Katindo asubuhi. Ukuta ukaporomoka kidogo, nami pamoja nao.

Nikiwa chini, wazo likaja. Kuku! Kuku wangu wawili hawajui mpaka wa parselle, kiwanja cha mtu. Niliwarusha upande wa pili, mmoja mmoja, kwa heshima, nikaketi kusubiri.

Baada ya saa moja Kakule alibisha hodi. Kuku wote wawili kwapani. Akaeleza kwamba kitalu chake amekifunika kwa chandarua, hivyo hawakupata kitu, ila mmoja alitaga. Akanipa yai. Akaona goti langu, akaniambia: “Pole sana, papa Ange, ukuta ya huku ni mubaya.” Sijawahi kutukanwa hivyo.

Yai nimelila. Lilikuwa zuri.

Jambo jingine. Shajara nimeikuta upande wa pili wa godoro, na ukurasa wa kwanza unanuka sambaza. Panya wa nyumba hii!

Jumapili, tarehe 22 Septemba

Baada ya misa. Nilivaa koti. Muzee Bulonza alikuja na fimbo yake, Kakule nyuma yake na ile kaye.

Kwa Kakule alisema ni vizuri tu, akaitikia kwa kichwa. Nilifurahi, maana alikuwa bado hajaona kwangu. Nikamfunulia kitalu changu kama mtu anayefunua sahani ya sikukuu. Akainama. Akang'oa mche mmoja, akaupapasa shina, akaunusa. Nikajua amezidiwa.

“Hii haiko mupunga, mutoto yangu. Hii ni majani ya ngombe.”

Kumi na saba! Akauliza mbegu niliichambuaje. Nikamweleza. Akafunga macho, akasema: “Yenye inaelea haina kitu ndani. Yenye inazama njo iko na unga.” Nimemsamehe. Ana miaka sabini na minane na jua lilikuwa kali. Lakini hapo, pamoja na koti langu, nilitamani lile jiwe linimeze kama lilivyomeza maji.

Alipokuwa anatoka akapita nyuma ya jiko kutafuta kivuli, akasimama. Lile beseni! Limejaa miche, imebanana, mirefu, kijani cha kuumiza macho. Supa! Julie alikiri kwamba kuku hakuwapa kitu. Alizifunga zile nzito katika gunia lenye joto hadi zikachipua, akazitia katika beseni na udongo wa maganda yaliyooza, akazinywesha maji ya mboga. Hakusukuma bidoni hata moja.

Muzee alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Bonde limeenda kwa Julie, na Kakule atamsaidia mambo ya magari ya kubeba mavuno. Kakule alikubali bila kununa! Hana fahari mtu huyo.

Jioni nilipanga hesabu yangu na ikatoka sawasawa. Nani aliamuru zile nzito zitupwe? Mimi. Nisingezitupa, Julie angeziokota wapi? Basi bonde ni langu. Nitalala vizuri sana.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Julie amesafiri leo asubuhi kwenda bondeni Kalengera. Kabla ya kuondoka aliniletea gunia kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Aliliacha barabarani, akasema yeye hawezi, niliingize mimi. Akasimama mlangoni. Nikaliweka begani, nikapita mbele yake, ndani moja kwa moja, bila kupumzika, mkono mmoja kiunoni! Gunia zima! Nguvu za ujana zimerudi zote. Majirani waliona. Julie naye aliona. Macho yake yalilowa kidogo, akayafuta kwa kanga, akasema vumbi.

Halafu akanipa kazi. Nichambue mbegu zote za gunia hilo kwa njia yangu mwenyewe, na zitakazoelea nizitunze mpaka atakaporudi. Alisema katika Goma nzima hakuna mwingine ambaye angemwachia kazi hii. Nilijua angefika hapo.

Nimeanza mara gari lilipoondoka. Ndoo ya kwanza, zote zimeelea, tena zimekwisha kupasuka zenyewe tayari kuota. Ya pili, zote. Nimemaliza gunia saa tisa, mikono imekunjamana kwa maji, na hata punje moja haijazama! Muzee Bulonza miaka yote ya umonita wake hajawahi kuona mbegu kama hii. Kesho natandika bashi.